Msomaji wa Takaungu na Hukumu ya Wahakiki: Hoja juu ya Riwaya Pendwa

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili una desturi moja ambayo wanaoirithisha hawajapata kuihoji ipasavyo. Desturi yenyewe ni ya kuligawa ghala la riwaya sehemu mbili, upande huu riwaya dhati na upande ule riwaya pendwa, kisha kuufunga mlango wa upande wa pili na kuwaachia ufunguo wachuuzi wa vitabu. Mwanafunzi hufundishwa mgawanyo huu mapema. Huambiwa kwamba riwaya pendwa ni ile inayokusudia kuburudisha, yenye wahusika bapa, mapenzi, ujambazi, upelelezi na taharuki kupita kiasi, na isiyokuwa na falsafa. Huyaandika hayo daftarini, huyarudisha yalivyo katika karatasi ya mtihani, na si ajabu akafika shahada ya uzamifu bila ya kuzisoma riwaya kumi za aina hiyo anayoihukumu.

Kasoro ya hukumu hii ni kwamba imetolewa bila ya kumsikiliza shahidi mkuu, naye ni msomaji. Anayekusudiwa si yule msomaji wa nadharia ya upokezi, ambaye hana uso wala miwani, na ambaye kila anapohitajika huwa tayari kukubaliana na mwandishi wa tasnifu. Anayekusudiwa ni mtu anayekaa akafungua kitabu kwa sababu anataka kujua kitakachotokea, akakifunga kwa hasira kinapomdanganya, na akamwazima jirani kinapompendeza. Shahidi wa namna hii akiitwa mbele ya wahakiki, hukumu haitabaki ilivyo. Wala haitageuka kuwa vile watetezi wapya wa riwaya pendwa wanavyotaka.

Msomaji wa makala haya ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Takaungu, mji mkongwe uliopo kwenye mdomo wa hori, kusini ya Kilifi. Majirani humwita Mwalimu, na jina hilo linatosha. Masika moja, mwana wa kakake anayesomea shahada ya uzamili alimletea sanduku la riwaya alizozikusanya kwa wauzaji wa vitabu vikuukuu, kwa sharti kwamba azisome zote na aseme kweli. Kijana alikuwa na haja ya data. Shangazi alikuwa na haja ya kitu cha kusoma mvua ikimzuilia ndani.

"Shangazi, hizi ni za kupitishia wakati tu," alitahadharisha kijana, kwa ile adabu ya mtu aliyefunzwa chuoni kuomba radhi kwa anachokisoma.

"Mimi sina wakati wa kupitisha, mwanangu. Nitasoma, na kilicho kibaya nitakwambia kibaya."

Cha kwanza kutoka sandukuni kilikuwa Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichoshinda katika mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957-58 na kuchapishwa 1960. Riwaya hii imetiwa kasoro kwa miongo mingi. Imesemwa kwamba Bwana Msa na kiko chake ni Sherlock Holmes aliyehamishiwa Unguja, na Najum ni Watson. Imesemwa pia kwamba Unguja ya kitabuni imetulia tuli, ilhali Unguja ya kweli ilikuwa imefanya uchaguzi wake wa kwanza Julai 1957 na vyama vyake vilikuwa vikivutana kwa uchungu. Kasoro zote mbili ni za kweli, na Mwalimu alizikubali bila ya ubishi. Lakini aliuliza swali ambalo wahakiki hao hawakulipa uzito: kwa nini mauaji yatokee mzimuni?

Jibu lake ni hili. Mzimuni ni mahali ambapo watu wamefunzwa kutouliza. Maiti ikionekana pale, kila mtu tayari anamjua muuaji, naye hana mkono wa kukamatwa. Mtunzi humchukua msomaji mpaka pale pale, humwacha aogope kwa kadiri ya haja yake, kisha humwonyesha kuwa aliyeua ni binadamu mwenye sababu za kibinadamu. Katika mji wenye magofu, makaburi ya kale na vichaka ambavyo watoto hukatazwa kuvikaribia jua likishuka, hilo si jambo dogo. Mhakiki anayedai kwamba riwaya ya upelelezi haina falsafa hajawahi kujiuliza ni falsafa gani inayohitajika ili mtu asimame mbele ya mzimu na kusema, "Na tutazame nyayo." Katika jamii ambayo kifo kingi hutafutiwa mchawi kabla ya sababu, upelelezi ni mafunzo ya shaka yenye manufaa. Kisha kuna lugha. Wahusika wa Abdulla husemezana. Hukatizana, hukejeliana, huzunguka wakafika. Sikio la Takaungu, ambalo limelelewa kwa Kiswahili cha pwani ya kaskazini wala si kwa Kiunguja, lilitambua mara moja kwamba hapa wanaongea watu. Riwaya nyingi zilizofuata, zikiwamo baadhi ya zile dhati, wahusika wake huongea kama taarifa ya habari.

Kwa upande wa Elvis Musiba wahakiki wana kesi yenye nguvu zaidi, na ni uadilifu kuieleza kabla ya kuipinga. Azimio la Arusha lilitangazwa 1967. Idara za fasihi, hasa Dar es Salaam, zilikuwa zikitafuta maandishi yatakayosaidia kujenga jamii mpya. Katikati ya matumaini hayo akatokea Willy Gamba katika Kufa na Kupona (1974), na tena katika Kikosi cha Kisasi (1979): mpelelezi mwenye suti nzuri, anayejua vinywaji, anayelala katika hoteli kubwa na anayeua bila ya kupoteza usingizi. Mhakiki aliyemwona Gamba kuwa ni James Bond aliyepakwa rangi hakuwa mjinga. Alikuwa na hofu kwamba vijana wangeota ndoto za watu wengine, na hofu hiyo ilikuwa na msingi.

Hata hivyo mhakiki huyo hakumtazama adui. Adui wa Gamba ni mawakala wa tawala za kikoloni na za kibaguzi za kusini mwa Afrika. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, na Musiba aliitwaa siasa hiyo, ambayo magazeti yaliiandika kwa lugha ya maazimio, akaipa mwendo, hila na hatari. Msomaji aliyejifunza kwamba ukombozi unaweza kusalitiwa kwa pesa, na kwamba msaliti anaweza kuwa mtu wa heshima, huenda alijifunza hayo kwa Gamba kabla ya kuyasikia kwa mtu mwingine yeyote. Kusema kwamba riwaya hizi hazina siasa ni kosa la kusoma, na kosa la kusoma likirudiwa katika mihadhara ya miaka arobaini halibadiliki kuwa nadharia.

Mwalimu aliisoma Kikosi cha Kisasi kwa siku mbili na hakuficha kuwa aliifurahia. Kisha akatoa shutuma ambayo ni kali kuliko ya wahakiki, kwa sababu imelenga mahali. "Kila mwanamke anayeingia chumbani kwa huyu bwana," alisema, "ama amekuja kumwua ama amekuja kumpenda. Hakuna hata mmoja aliyekuja kumdai kodi." Akataka pia kujua ni nani anayemfulia mashati. Mtu anaweza kucheka, na kijana alicheka. Lakini tasnifu kadhaa zimeandikwa juu ya usawiri wa mwanamke katika riwaya ya Kiswahili bila ya kufikia jambo hili, kwamba udhaifu wa Gamba haupo katika ukatili wake wala katika ulevi wake, bali katika kutokuwa na nyumba. Mtu asiye na nyumba hawezi kusalitiwa ndani yake, kwa hiyo taharuki yake yote ni ya nje. Hicho ni kipimo cha kifani alichokitoa msomaji asiye na istilahi hata moja.

Nyumba, kwa upande mwingine, ndiyo uwanja wa Zainab Burhani. Mali ya Maskini (1981) na Mwisho wa Kosa (1987) zimekaa mahali pa ajabu katika uhakiki: zimesomwa mno kuweza kupuuzwa, na zinahusu mapenzi mno kuweza kuheshimiwa. Mwisho wa Kosa ilifika hata kutahiniwa katika shule za sekondari za Kenya, lakini kutahiniwa huko hakukuiletea uhakiki wa maana. Kuliiletea miongozo ya mtihani. Kwa Mwalimu, mambo ambayo wahakiki huyaita ya kimapenzi, yaani posa, mali, wivu wa ndugu, msichana aliyesoma na mama anayehesabu miaka, ndiyo siasa yenyewe ya ukoo wa pwani, na anayetaka kuzijua tabaka za pwani asizitafute bandarini peke yake. Alilolilaumu ni ugawaji wa malipo. Mwovu huadhibiwa na mwema hutuzwa kwa utaratibu kama wa mwalimu mkuu siku ya kufunga shule. "Na mimi nimekuwa mwalimu," aliongeza. "Najua siku hiyo watoto wangapi huenda nyumbani na wasichostahili."

Hapa ndipo mgawanyo wa dhati na pendwa unapoanza kuvuja. Na uchukuliwe mfano wa Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), ambayo hakuna idara inayothubutu kuiweka nje ya orodha ya riwaya dhati. Msuko wake ukielezwa kwa mtu asiyelijua jina la mtunzi, utasikika hivi: tajiri mwanasiasa, Maksuudi, anamfungia binti yake ndani, mwanamke aliyeumizwa na tajiri huyo, Kazija, anapanga kisasi, binti, Maimuna, anatoroka na kuangukia katika ulevi na ukahaba, baba anafilisika na kudhalilika, wawili hao wanakutana tena wakiwa wamevunjika. Kuna tukio gani hapo ambalo halipatikani katika riwaya za mapenzi na visasi zilizouzwa kwa wingi Dar es Salaam miaka hiyo hiyo? Sadfa zipo, machozi yapo, kisasi kipo. Lau kitabu kile kingetoka na jalada la rangi kali la mchapishaji mdogo wa mjini, kingewekwa rafu nyingine, na hivi leo mwanafunzi angekuwa akieleza kwa nini hakistahili kusomwa.

Haidaiwi hapa kwamba Utengano haina ubora. Ubora wake ni mkubwa, na Mwalimu, ambaye alikuwa ameisoma zamani, aliiweka mbele ya vitabu vyote vya sandukuni. Kinachodaiwa ni kwamba ubora huo haukutokana na kuepuka mbinu za riwaya pendwa. Umetokana na kuzitumia vizuri zaidi: kisasi cha Kazija kina hesabu yake, anguko la Maimuna lina hatua zake, na nyumba ya Maksuudi ina sauti za wanawake ambazo msomaji anaweza kuzitofautisha gizani. Tofauti, basi, ni ya ufundi ndani ya aina moja. Mhakiki aliyeamua mapema kuwa ni tofauti ya aina amejinyima uwezo wa kuiona. Hali kadhalika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), ambayo ilipigwa marufuku shuleni Tanzania kwa shutuma zile zile zilizokuwa zikitupiwa vitabu vya mapenzi vya bei rahisi, kisha ikapanda ngazi ikawa kitabu cha kufundishia. Maneno ya kitabu hayakubadilika. Waliobadilika ni mahakimu.

Siku Njema ya Ken Walibora (1996) inaivunja kabisa hoja ya ukuta. Ni riwaya ya safari ya yatima anayemtafuta baba, kutoka Tanga hadi bara ya Kenya; ina sadfa zisizohesabika; ilitahiniwa, na bado ikapendwa. Walibora alipofariki Aprili 2020, walioomboleza hawakuwa wanataaluma peke yao. Walikuwa watu waliomaliza shule zamani na ambao kwao kitabu hicho kilikuwa riwaya ya Kiswahili ya kwanza, pengine ya pekee, waliyoisoma kwa kutaka. Hilo neno "pekee" ndilo linalopaswa kuzikosesha idara usingizi. Vijana wa Takaungu na wa miji mingine hufaulu karatasi ya fasihi na baada ya hapo hawafungui riwaya tena, kwa kuwa wamefunzwa kwamba riwaya ni kitu cha kuchambuliwa dhamira, maudhui na mbinu za lugha, na kwamba ile ambayo wangeisoma kwa hiari yao si fasihi. Kisha maprofesa hulalamika kwamba Waswahili hawasomi.

Imezuka hivi karibuni kambi ya pili, inayojiona kuwa mkombozi wa riwaya pendwa. Kambi hii haina hatia ya dharau. Hatia yake ni mapenzi ya jumla. Kwake kila kitabu kilichouzwa barabarani ni "sauti ya umma", kila jambazi ni "ukinzani" na kila danguro ni "nafasi mbadala". Dar es Salaam Usiku ya Ben Mtobwa (1990) husifiwa kwa sababu ni riwaya ya jiji, pamoja na vitabu ambavyo havifai kushika mshumaa karibu nayo, navyo pia kwa sababu ni riwaya za jiji. Katika sifa hizo hakuna hata chembe ya upambanuzi. Msomaji akiulizwa atasema mara moja kwamba Mtobwa anajua kufungua sura na wengi wa wafuasi wake hawajui. Kwamba Joram Kiango ana ucheshi na wapelelezi waliomwiga wana bastola tu. Kumnyima msomaji huyu haki ya kusema "hiki kibaya" ni kumdharau kwa njia ya upole. Kambi ya kwanza ilisema hajui kizuri. Kambi ya pili yasema hahitaji kukijua.

Lazima ikubaliwe kuwa msomaji naye hukosea. Kijana, kwa inda ndogo ya kitaaluma, alikuwa ameitia sandukuni Nagona ya Kezilahabi (1990). Mwalimu aliimaliza, maana ni fupi, akairudisha kwa kusema: "Hiki ni kitabu cha mtu aliyechoka na wasomaji." Haikuwa kwa uvivu. Huyu ni mtu aliyekulia katika nyumba ambamo tenzi zilisomwa kwa sauti na fumbo la shairi liliweza kukaa barazani wiki nzima likisubiri mfumbuzi. Alilolitaka ni kile ambacho fumbo la baraza humpa kila mvumilivu, yaani wakati fulani ambapo lafumbuka. Nagona haina deni hilo, na mtunzi aliyekwisha kuandika Rosa Mistika na Gamba la Nyoka alikuwa na haki ya kutoliweka. Hukumu ya Mwalimu hapa ni ya kidhalimu. Lakini imetolewa baada ya kusoma ukurasa wa mwisho, jambo ambalo haliwezi kusemwa kwa hukumu nyingi zinazokwenda upande wa pili.

Takaungu yenyewe ina neno la kuongeza juu ya dhana kwamba fasihi ya juu huona mbali kuliko ile ya chini. Wasomaji wa Kiingereza duniani wanaujua mji huu, kama wanaujua, kupitia kumbukumbu za Karen Blixen zilizotoka 1937, kwa kuwa rafikiye Denys Finch Hatton alikuwa na nyumba hapo kando ya hori. Kitabu hicho huhesabiwa miongoni mwa maandishi bora ya karne iliyopita. Ndani yake Takaungu ni bahari, mwezi na magofu. Mji wenye misikiti yake, madrasa zake na ugomvi wake haupati kuwa na wahusika. Basi usomi wa mtindo haukuwaokoa wenyeji wasigeuzwe mandhari.

Na ugomvi ulikuwapo. Mji huu ulikuwa kimbilio la tawi moja la Wamazrui baada ya Sayyid Said kuitwaa Mombasa 1837. Mwaka 1895 liwali wake, Salim bin Khamis, alifariki. Kampuni ya Waingereza, iliyokuwa imebakiwa na miezi michache kabla ya kuikabidhi nchi kwa serikali yao, ikamuunga mkono mrithi iliyemwona mtiifu, Rashid bin Salim, na kumpuuza aliyejiona na haki zaidi. Uasi ukawaka, Mbaruk bin Rashid wa Gasi akaingia, pwani ikapigana mpaka 1896 alipovuka kwenda upande wa Wajerumani. Urithi uliopokonywa, jamaa waliogawanyika, wageni wanaochagua mrithi kwa maslahi yao, kutoroka mpakani: mtunzi wa riwaya ya kijasusi hangehitaji kuongeza hata tukio moja. Mhakiki anayesema kwamba misuko ya riwaya pendwa haiaminiki asome historia ya mji mmoja wa pwani, kisha arudi.

Sehemu kubwa ya sanduku ilikuwa ya aina mpya, yaani hadithi zilizoanzia magazetini kwa mfululizo, katika mkondo ambao Eric Shigongo aliufanya kuwa biashara kubwa Tanzania, na ambao leo umehamia katika simu za mkononi. Hapa Mwalimu hakuwa na huruma. Alionyesha kwa kidole mahali ambapo sura ilikatwa kwa sababu nafasi ya gazeti imekwisha, na mahali ambapo mhusika aliyekufa Jumanne alihitajika tena Ijumaa. Alionyesha jinsi pwani inavyoingizwa kila mtunzi anapoishiwa: mhusika hupelekwa "kwa mganga wa pwani", jini hutolewa chupani, na fundo lote hukatwa kwa uchawi. Hilo lilimuudhi kuliko umalaya wote wa vitabuni. Bwana Msa alikuwa amekwisha kuutoa uchawi katika kesi ya mauaji mwaka 1960. Kwa nini urudishwe, tena kwa jina la watu wa pwani? Udhaifu wa hadithi hizi umetokana na namna zinavyouzwa, na hautaponywa kwa mahubiri. Lakini ungeweza kupungua kama kungekuwa na tahakiki fupi, za papo kwa papo, zinazosema kitabu hiki kimemhadaa msomaji ukurasa huu na huu. Idara zina majarida. Majarida hayo huweza kungoja miaka ishirini ili riwaya ipate umri wa kuandikiwa makala, wakati huo mtunzi amekwisha kufa na kitabu kimekwisha kuoza.

Kuoza huko si tamathali. Riwaya nyingi pendwa za miaka ya 1970 na 1980 zilichapishwa kwa karatasi duni na wachapishaji wadogo, na isipokuwa chache zilizofufuliwa, hazichapishwi tena. Maktaba zilizofuata ushauri wa wahakiki hazikuona haja ya kuzihifadhi. Miongoni mwa vitabu vya sandukuni kulikuwa na riwaya moja ya upelelezi ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, imechanika jalada, na karatasi zake tatu za mwisho hazipo. Mwalimu aliisoma bila ya kujua, akafika mahali ambapo mpelelezi amewakusanya washukiwa wote sebuleni, akageuza ukurasa, akakuta uzi wa kushonea.

Kijana alipewa kazi. Alitafuta nakala nyingine kwa wauzaji wa Mombasa, hakuipata. Alikwenda katika maktaba ya chuo kikuu kimoja, ambako orodha ilionyesha jina la kitabu lakini rafu haikuwa nacho. Alichokipata ni tasnifu ya uzamili iliyokijadili kwa kurasa kumi na nne, chini ya kichwa cha maudhui ya riwaya pendwa na athari za ubepari. Aliisoma yote akiwa amesimama. Ilieleza usawiri bapa wa wahusika, ikataja taharuki ya bei rahisi, ikalaumu kukosekana kwa mtazamo wa kitabaka. Akampigia shangazi simu jioni ile.

"Sasa ni nani aliyemwua?" aliulizwa kabla ya salamu kumalizika.

"Shangazi, hawakusema."

Kukawa kimya kidogo upande wa pili.

"Basi huyo naye," alisema Mwalimu, "kitabu chake kilikuwa hakina kurasa za mwisho."